Umeweka QoS na bado simu zinakatakata? Angalia kwanza foleni iko wapi

Mtu akilalamika kwamba kaweka QoS (mpangilio wa kuamua data ipi ipite kwanza) kwenye rauta na haijasaidia kitu, mi huwa sikimbilii kuangalia kapangaje vipaumbele vyake, namuuliza kwanza foleni inajaa wapi. QoS ni kama mtu wa kupanga foleni getini, huyu apite mbele, yule asubiri kidogo, sasa kama geti lako liko wazi na watu wote wanapita bila kusimama alafu wanaenda kurundikana geti la pili kule mbele ambako we huna mtu, huyo mpangaji wako anafanya kazi gani? Kakaa tu. Na mitandao mingi ya nyumbani na maofisini ndo iko hivyo, rauta inaisukumia modemu data kwa giga moja, modemu ndo ina njia nyembamba ya kutokea, kwa hiyo foleni inajengeka ndani ya modemu, na modemu haijui simu ya intaneti ni nini wala bakapu ni nini, aliyetangulia kufika ndo anatangulia kutoka.

Alafu tuelewane mapema, QoS haiongezi spidi hata kidogo. Inaamua tu nani asubiri pale njia ikijaa. Njia isipojaa haina la kufanya, na kama tatizo lako lipo hata usiku wakati hakuna anayetumia, basi tatizo lako ni lingine kabisa.

Kabla hujagusa setingi yoyote

Chomeka kompyuta kwa waya kwenye rauta, fungua terminali, piga ping 8.8.8.8 (kwenye Windows ping -t 8.8.8.8, inapima jibu linachukua muda gani kurudi) uiache iende dakika moja hivi mtandao ukiwa umetulia, andika namba pembeni. Kisha bila kuisimamisha anza kuaplodi faili kubwa popote pale, subiri sekunde ishirini uangalie. Rudia kwa daunlodi. Hapo utapata moja ya majibu matatu.

Kama ilikuwa 20 ms (milisekunde) ikiwa imetulia alafu ikapanda mpaka 400 au 800 ulipoanza kuaplodi, hongera, tatizo lako linatibika, soma kuendelea. Kama inarukaruka au inapoteza paketi (vile vipande vidogo ambavyo data inasafiri navyo) hata ikiwa imetulia, laini ni mbovu, QoS haitakufaa, shughulika na mtoa huduma wako. Na kama kwa waya iko safi lakini kwa waifai inachanganyikiwa, piga ping kwenye rauta yenyewe (ile 192.168.1.1 au yoyote unayotumia) ukiwa kwenye waifai, ukiona rauta iliyo chumba cha pili inajibu kwa 3 ms mara 180 mara 5, basi ugonjwa upo hewani, nitaugusa huko chini.

Hii hatua watu wanairuka sana. Mi mwenyewe niliwahi kukesha siku mbili napanga madaraja saba ya trafiki kwa ustadi mkubwa, kumbe kebo kati ya rauta na modemu ilikuwa imekatika waya mmoja ndani na imejishusha kwenye 10 Mbps. Madaraja saba!

"Mtu mmoja akituma faili, wote tunaganda"

Hii ndo dalili kubwa kuliko zote na ndo yenye tiba nzuri kuliko zote. Anayetuma anaweza kuwa hata sio mtu, ni simu inapandisha picha juu ya mtandao kimyakimya, au kompyuta inafanya bakapu.

Sababu ni bafa. Watengenezaji waliweka kumbukumbu kubwa kwenye modemu na rauta ili paketi zisipotee, wakaona wanasaidia. Piga hesabu, bafa ya kilobaiti 256 kwenye aplodi ya 1 Mbps inachukua kama sekunde mbili kumalizika. Sekunde mbili! Paketi yako ndogo ya sauti ikifika nyuma ya huo mzigo inasubiri sekunde mbili kabla haijaanza hata safari, wakati mapendekezo ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) kwa simu ni kwamba sauti isizidi 150 ms kutoka mdomoni kwa huyu mpaka sikioni kwa yule. Jim Gettys, mhandisi wa programu, ndo aliyelipigia kelele sana jambo hili miaka ya 2010 na 2011 na kulipa jina la bufferbloat, yaani bafa iliyovimba.

Na usishangae kwamba aplodi inaua mpaka daunlodi. Unapodaunlodi, kompyuta yako inatuma vipaketi vidogo vya "nimepokea, lete nyingine", sasa hivyo navyo vikikwama kwenye foleni ya aplodi, upande wa pili unasubiri na spidi ya kudaunlodi inaporomoka. Watu wanasema "daunlodi yangu mbovu" kumbe aliyeziba njia ni aplodi.

Tiba: ihamishe foleni ije kwako. Pima spidi halisi ya laini (pima mara kadhaa, saa tofauti), alafu iambie rauta isipitishe zaidi ya asilimia 85 ya hiyo kwenye aplodi, na kwa daunlodi anza chini kidogo ya hapo, nitaeleza. Ukiwa na aplodi ya 10 weka 8.5. Sasa modemu haijai kamwe, foleni inasimama ndani ya rauta ambapo una mpangaji. Hapa watu hunibishia, "sasa mbona napoteza spidi niliyolipia?", ndiyo, unapoteza kidogo, na ndo hicho kidogo kinachokununulia utulivu. Ukishaona ping imetulia wakati wa kuaplodi, panda polepole, asilimia 88, 90, 93, ping ikianza kupanda tena rudi hatua moja.

Kisha chagua aina ya foleni. Kama rauta yako ina fq_codel au CAKE usisite, chukua hiyo, na kwa nyumba nyingi sana hapo hapo kazi imeisha hata bila kuandika kanuni moja ya kipaumbele. fq_codel inatenganisha kila mazungumzo kwenye foleni yake ndogo na kuyapa zamu, mwenye vipaketi vichache (simu, gemu, DNS inayotafuta anwani za tovuti) anapita haraka bila kuambiwa na mtu, na foleni ikikaa juu ya 5 ms kwa muda inaanza kudondosha paketi ili mtumaji apunguze kasi. CAKE iliingia kwenye Linux toleo la 4.19 mwaka 2018, ina kila kitu humo humo pamoja na kugawa sawa kwa kila kifaa, kwa hiyo jamaa mwenye torenti na miunganisho mia mbili anahesabiwa kama mtu mmoja tu. Kwenye OpenWrt (programu huria ya rauta) unaipata kwa SQM, kifurushi chake cha kusimamia foleni. MikroTik, watengenezaji wa rauta, nao wanazo zote mbili tangu RouterOS 7, mfumo wa rauta zao.

Kumbuka tu upande wa daunlodi ni mgumu kidogo. Paketi zinazokufikia zimeshapita sehemu nyembamba, we unazidondosha baadaye ili mtumaji kule mbali aone aibu apunguze. Inafanya kazi, lakini acha nafasi kubwa zaidi kuliko kwenye aplodi, anza hata na asilimia 80.

"Simu nimeipa kipaumbele cha kwanza, hakuna tofauti"

Fungua ukurasa wa foleni uangalie kaunta wakati simu inaendelea. Usikisie, angalia namba. Kwenye Linux ni tc -s qdisc na tc -s class show dev ikifuatiwa na jina la intafesi, kwenye MikroTik zipo pale pale kwenye safu ya baiti.

Kaunta ikiwa sifuri, trafiki haipiti kwenye foleni yako kabisa. Kwenye MikroTik mshukiwa namba moja ni FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha paketi haraka, setingi za kiwandani za rauta za nyumbani zinakuja na hiyo kanuni ikiwa imewashwa, na paketi iliyoingia FastTrack inaruka foleni rahisi (simple queues) zote na pia queue tree (mti wa foleni) iliyowekwa kwenye global. Izime, au ibane ishike tu miunganisho usiyotaka kuipanga. Kwenye rauta zingine ni ile hardware offload, trafiki inapitishwa na chipu bila kugusa prosesa, spidi tamu lakini mpangaji wako haoni kitu. Huwezi kuvipata vyote viwili, chagua.

Kaunta ikienda kwa aplodi tu na daunlodi ikabaki sifuri, umekosea mwelekeo. Hili kosa ni la kila siku. Umeandika kanuni ya dst-port (mlango wa kuendea) 5060, sawa, lakini jibu linaporudi ile 5060 iko upande wa src-port (mlango wa kutokea), kwa hiyo kanuni yako haiioni. Weka alama kwenye muunganisho kwanza, kisha paketi zirithi alama ya muunganisho wao, hapo pande zote mbili zinashikwa. Na hiyo 5060 yenyewe ni SIP, ni ya kupigia kengele tu, sauti inapita kwenye RTP kwa milango mingine kabisa! Nimeona watu wameipa 5060 ufalme huku sauti yenyewe imo kwenye kapu la wote.

Kwa simu za video milango hii inasaidia: Zoom inatumia UDP 8801 mpaka 8810, Teams UDP 3478 mpaka 3481, Meet UDP 3478 na 19305 mpaka 19309. Ila usiweke imani yote kwenye milango, siku hizi karibu kila kitu kimejificha kwenye 443, na QUIC, njia mpya ya kubebea kurasa na video, inapita UDP 443, kwa hiyo filamu na ukurasa wa kazi vinafanana mbele ya rauta. Mtu akiwasha VPN ndo basi kabisa, unaona bomba moja tu. Hapo panga kwa kifaa, kompyuta ya kazini juu, runinga katikati, mashine ya bakapu chini. Sio maridadi ila haidanganyiki kirahisi.

Kaunta zinaenda pande zote, na bado hakuna tofauti? Basi foleni ya mama (ile ya juu inayobeba zingine) haina kikomo. Kwenye MikroTik kipaumbele kinahesabiwa kwenye foleni za chini tu (watoto), kuanzia 1 ya juu mpaka 8 ya mwisho, na kinaanza kuwa na maana baada ya kila mtoto kupewa limit-at yake (kiwango alichohakikishiwa). Mama akikosa max-limit (kikomo cha juu) hajui lini njia imejaa, na asipojua njia imejaa hana sababu ya kumkawiza yeyote. Unarudi palepale kwenye geti lililo wazi. Na usijumlishe limit-at za watoto zikazidi max-limit ya mama, umeahidi usichokuwa nacho, wataanza kugombana na kipaumbele hakitaangaliwa.

"DSCP 46 nimeweka, upande wa pili inafika sifuri"

Ni kawaida. DSCP ni alama ya kipaumbele, biti sita kwenye kichwa cha paketi, thamani 64, zilipangwa mwaka 1998, na ile inayoitwa EF yaani 46 ndo ya sauti. Lakini ni ombi tu, sio amri. Ukishatoka kwenye mtandao wako kila anayepitisha paketi ana uhuru wa kuifuta, na wengi wanaifuta, kwa sababu wangeziheshimu kila mtu angejipaka 46. Kwa intaneti ya kawaida DSCP tumia ndani ya mipaka yako, kwenye swichi na waifai na rauta yako, zaidi ya hapo labda una laini ya kukodi yenye mkataba unaotaja madaraja.

Cheki pia kama uliandika namba sahihi kwenye sehemu sahihi. Baadhi ya programu zinataka DSCP, zingine zinataka baiti nzima ya ToS inayobeba hizo biti sita na mbili zingine, na 46 kwenye baiti nzima inakuwa 184, au 0xb8 ukiiangalia kwa tcpdump (programu ya kuchungulia paketi). Mtu kaandika 46 pale palipotakiwa 184 na paketi zake zinatoka na alama ya ajabu isiyojulikana na mtu, anasota wiki.

Kuna na kinyume chake ambacho ni kigumu kukigundua, paketi zinazoingia kutoka nje zimepakwa CS1, yaani 8, daraja la mizigo ya nyuma. Wapo watoa huduma ambao trafiki yao inafika hivyo. Rauta inaipitisha, waifai inaisoma na kuiweka foleni ya mwisho kabisa, kwa hiyo kwa waya mambo safi, kwa waifai kila kitu kinakokota. Tiba ni kuosha DSCP mlangoni inapoingia, CAKE ina neno wash kwa ajili ya hilo.

"Kwa waya safi, kwa waifai vurugu"

Waifai ina QoS yake inaitwa WMM, madaraja manne: sauti, video, kawaida na mizigo ya nyuma. Usiizime hata ukisoma ushauri wa kuizima mahali, waifai za 802.11n na zilizofuata zinaihitaji, ukiizima vifaa vingi vinajirudisha kwenye spidi za zamani za 54 Mbps.

Kuna kituko hapa. Vifaa vingi vinachukua biti tatu za mwanzo za DSCP kuamua daraja la hewani. 46 kwa biti ni 101110, tatu za mwanzo ni 101 ambayo ni 5, na 5 kwenye WMM ni daraja la video, sio la sauti. Yaani umeipaka paketi alama ya sauti na waifai inaiweka na video. RFC 8325 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2018 ilitoa mpangilio wa kurekebisha hili, kwa hiyo kama aksesi pointi yako ina sehemu ya kupanga DSCP kwenda WMM, ipeleke 46 kwenye 6, daraja la sauti.

Ila kusema kweli matatizo mengi ya waifai hayahusiani na alama. Hewa ni moja, mmoja akiongea wengine wanasubiri, na kifaa kilicho mbali chenye mawimbi hafifu kinaongea polepole kinachukua muda wa wote. Sogeza kifaa, badili chaneli, peleka vilivyo karibu kwenye 5 GHz, kilichokaa mahali pamoja kichomeke waya. Hakuna kanuni ya foleni itakayokufanyia hayo.

"Simu ziko poa sasa, ila wengine wote wamekufa njaa"

Umetoa kipaumbele bila kikomo. Foleni ya kipaumbele kikali inahudumiwa mpaka iishe ndo wengine waangaliwe, ikiingia kitu kisichoisha, wengine hawapati zamu. Weka kikomo. Simu moja ya G.711 (njia ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama 87 kbps kila upande ukihesabu na vichwa vya Ethernet, simu kumi hazifiki hata 1 Mbps, sasa kwa nini daraja la sauti lina 50 Mbps? Cisco wamekuwa wakishauri foleni ya kipaumbele isivuke asilimia 33 ya njia, ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Na angalia nani kaingia mle ndani. Bosi kataka kompyuta yake iwe juu, mhasibu naye, kamera nazo "ni za usalama", baada ya miezi mitatu nusu ya jengo iko daraja la kwanza na umerudi ulikotoka. Mi naona ni rahisi kushusha wachache kuliko kupandisha wengi, bakapu na masasisho yaende chini, waliobaki waache kawaida, sauti tu ndo juu. Madaraja matatu yanatosha karibu popote.

"Nimeweka kikomo cha 300 Mbps, inafika 140"

Prosesa imechoka. Kupanga foleni ni kazi ya prosesa, paketi kwa paketi, na rauta ndogo inayopitisha giga kwa msaada wa chipu inaweza kuishia mia na kitu ukiiwashia CAKE. Endesha top wakati wa kudaunlodi, ukiona sirq (muda wa prosesa kushughulikia paketi) imekula kiini kimoja chote ndo hilo. Jaribu fq_codel na simple.qos (script ya SQM) ambayo ni nyepesi kuliko CAKE, au nunua mashine yenye nguvu, hakuna uchawi.

Kama pungufu ni dogo tu, asilimia chache, au ping inapanda japo umeweka kikomo chini ya spidi ya laini, cheki vichwa vya paketi. PPPoE (njia ya kuingia kwa jina na nywila kwenye baadhi ya laini) inaongeza baiti 8 kwa kila paketi, na laini za DSL (intaneti ya waya wa simu) za zamani zinazotumia mfumo wa usafirishaji uitwao ATM zinakatakata kila kitu vipande vya baiti 53 ambavyo 48 tu ndo mzigo. Vipaketi vidogo vya sauti ndo vinaumia zaidi hapo. Iambie SQM aina ya laini yako isije ikahesabu kidogo kuliko uhalisia.

"Asubuhi tamu, jioni haifai"

Umepima asubuhi ukaweka namba, jioni laini inashuka chini ya namba yako, foleni inahamia tena kwa mtoa huduma. Laini za simu, 4G na 5G, ndo zenye tabia hii. Chaguo la kwanza ni kuweka namba ya jioni na kuvumilia asubuhi. La pili ni script kama cake-autorate ya OpenWrt, inapima ucheleweshaji muda wote na kupandisha au kushusha kikomo yenyewe, kwa laini inayoyumba ni nafuu kubwa ila usitegemee itulie kama faiba.

"Gemu bado ina ping 180"

Ikiwa imetulia ni ngapi? Kama ni 175, seva iko mbali. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa kila milisekunde, kwa hiyo seva iliyo kilomita 8,000 haiwezi kujibu chini ya 80 ms kwenda na kurudi hata njia ingenyooka kama rula, na haijawahi kunyooka. Hizo 5 zilizozidi ndo fungu la rauta yako, zilizobaki ni umbali, tafuta seva ya karibu.